Gauni la Kijani Ngomeni

Uwanja wa ngome ya Jarogród ulikuwa umefurika watu waliokuja kwenye tamasha la maisha ya kale. Moshi wa kuni, kabichi na nyama vikitokota chunguni, zumari, wahunzi wakigonga vyuma. Marzena, msaidizi wa daktari wa meno kutoka mji wa Łódź, alikuwa kwenye foleni ndani ya koti lake jekundu, akingoja mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na tango la chumvi juu yake, mara jitu moja lenye fulana ya minyororo likamkanyaga mguu.

"Samahani, bibie. Hivi ule ubao umeandikwa nini?"

"Umeandikwa: angalia unapokanyaga."

"Kwa herufi kubwa hivyo?"

"Kubwa kuliko akili yako."

Witold, ndilo jina la jitu lile, alicheka mpaka minyororo ikalia. Alikuwa fundi umeme siku za kazi, na Jumamosi askari wa karne ya kumi na tano. Akamweleza kuwa chama chao cha kuigiza vita vya kale kina sheria kali: kitu ambacho watu wa zama zile hawakukijua hakivuki kamba inayoizunguka kambi yao. Saa, simu, hata miwani ya siku hizi. Yake ilibaki garini, na bila miwani, mtu aliyesimama mbali kidogo, kwake alikuwa rangi tu. Akamnunulia mkate, akaomba namba. Wiki ile simu hazikukatika.

Kiangazi kizima wakawa wa ngome hii na ile. Witold akimwita "kipenzi," Marzena akimwita "kipofu wangu." Siku ya kuzaliwa ya Witold, Marzena akamzawadia lenzi za kuvaa ndani ya macho, ambazo mzee wa kambi, msimamizi wa sheria, asingeziona. Macho ya Witold yakazikataa. Yaliwasha, yakatoka machozi, yakawa mekundu kama pilipili. Lakini angemwambiaje mtu aliyejinyima ili amnunulie?

"Lenzi zinakufaa?" Marzena aliuliza kwenye simu.

"Sana. Jana nilikuona tangu getini, ulivyopendeza."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Witold ilikuwa fupi kuliko alivyodhani.

Marzena naye alikuwa na lake moyoni. Kliniki moja ya Bergen, huko Norwei, ilikuwa imempa kazi na ilitaka jibu. Hakumwambia Witold. Alijiwekea nadhiri yake mwenyewe. Kwenye pambano la mwisho la msimu, kila mpiganaji huenda jukwaani, hupiga goti mbele ya mwanamke wake na kuomba utepe wa kufunga mkononi. Watu wa chama hawafanyi mzaha na jambo hilo. Unayempigia goti ndiye uliyemchagua mbele ya wote. Akinipigia mimi, aliwaza Marzena, Bergen nitaikataa.

Ili astahili kusimama ndani ya kamba, alishona gauni la kitani la kijani kwa mkono wake, maana ushonaji wa cherehani kambi nzima ingeucheka. Vidole vilijaa matundu ya sindano. Alitaka kumshtukiza.

Siku ikafika, anga jeupe la Septemba. Akasimama jukwaani na gauni lake, nywele kasuka, utepe mkononi. Pembeni kabisa alisimama Halina, aliyewahi kuwa mchumba wa Witold, kajifunika joho jekundu.

Witold akaja na upanga wake, akitafuta koti jekundu alilozoea kumjua nalo Marzena. Akaliona jekundu. Akapita mbele ya gauni la kijani kama anayepita mbele ya ukuta, akapiga goti chini ya Halina, kichwa kakiinamisha kwa heshima. Ngoma zikalia, watu wakashangilia. Halina alibabaika, lakini angemwaibishaje mbele ya umati? Akamfunga utepe wa nywele zake.

Witold alishinda pambano. Alipokwenda kumkumbatia mpenzi wake, akasikia sauti ya Halina: "Wit, umekosea mtu."

Alikimbilia garini, akavaa miwani, akapiga simu. Marzena alikuwa kwenye treni, na Bergen alikwisha kuijibu: ndiyo.

"Mpenzi, nisikilize, sikukuona."

"Wewe? Si unaniona tangu getini?"

Akakiri yote: macho, lenzi, uongo.

"Kwa hiyo hata gauni langu hukuliona."

"Gauni gani?"

Hapo Marzena akalia, na treni nzima ikamgeukia.

Walionana tena uwanja wa ndege. Marzena alikwisha kumsamehe, na alimwambia hivyo. Wakakaa bega kwa bega na sanduku mbele yao, wakitaniana kinyonge.

"Mbona hukuniambia habari za Bergen?"

"Nilitaka unichague bila kuogopa kunipoteza."

Witold alitaka kusema: usiende. Lakini aliona kwamba mtu aliyemdanganya mwanamke huyu hana haki ya kumwomba chochote. Akajidai mwungwana, na uungwana wa namna hiyo mimi siupendi.

"Nenda," akasema. "Ni kazi nzuri."

Marzena alikuwa akimtazama mdomo. Witold angesema "baki," yeye angelibeba sanduku lile mwenyewe hadi garini.

"Asante," akajibu, akambusu shavuni, akaingia.

Baada ya ukaguzi alikaa karibu na dirisha, simu mkononi, akijiambia kwamba akipiga sasa hivi, anarudi. Kule kwenye maegesho Witold alikaa ndani ya gari bila kuliwasha, simu mkononi vilevile, akiogopa kumsumbua. Ndege ikaitwa mara ya kwanza, ikaitwa mara ya mwisho, na kila mmoja alikuwa bado anangoja mwenzake apige.