Mita ya Chooni Iko Wapi?

Jua likiwa bado halijatoa kichwa, nyumba ya Mama Barafu huwa imeshaamka. Ndoo zinagongana. Mlango wa friza unafunguliwa na kufungwa kwa kishindo. Mwenyewe anaimba wimbo ambao hata yeye hajui maneno yake. Friza zake ni mbili, ziko kwenye chumba cha uani. Jioni anazijaza vyombo vya maji. Asubuhi anatoa mabonge ya barafu, anayafunika kwa magunia, na wauza samaki na wauza juisi wanakuja kuyachukua mlangoni.

Friza ya kwanza alinunuliwa na baba mkwe wake. Mzee alipostaafu kazi ya ulinzi, alichukua nusu ya kiinua mgongo chake, akampa mkwewe.

"Shika, mwanangu," alimwambia. "Nikikaa nazo mimi, nitazila zote."

Tangu siku hiyo Mama Barafu alimwita baba, akasahau hilo neno mkwe.

Shida ilianza aliponunua friza ya pili. Biashara ikapanda, na bili ya maji ikapanda nayo. Hilo alilielewa. Kilichomtoa jasho ni mstari wa pili kwenye bili, ulioandikwa: huduma ya majitaka. Nao ulikuwa unapanda, tena kwa mbio.

"Majitaka!" alimwambia mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma. "Mimi nauza barafu, siuzi uchafu."

"Labda tunakwenda sana chooni," mumewe alijibu kwa utani, huku anafunga kamba za viatu.

Utani huo uliiponza nyumba nzima. Mama Barafu aliuchukua kama ulivyo. Kichwani mwake aliliona bomba la choo. Ndani ya bomba aliona mita, na mita inazunguka kila mtu anapomwaga maji. Jioni hiyohiyo akatoa sheria. Choo kitamwagiwa maji asubuhi na jioni, basi. Maji ya kuoga yakingwe kwenye beseni, yamwagwe uani. Mwenye haja katikati ya siku avumilie, au akamtembelee jirani.

"Jirani tutamtembelea kila siku na zawadi hiyo moja tu?" mumewe aliuliza.

"Wewe nenda kazini!"

Uani pakawa tope. Nzi wakahamia na ukoo wao wote. Kisha bili nyingine ikaja. Imepanda tena.

Mama Barafu akashika kichwa. "Nani anamwaga maji kwa siri humu ndani?"

Hakumtaja mtu. Lakini, ukimwondoa yeye mwenyewe, nyumba ilikuwa na mtu mmoja tu anayeshinda nyumbani, tena mwenye umri wa kwenda haja kila mara. Mzee alisikia. Tangu siku hiyo akapunguza kunywa maji. Midomo ilimkauka na kichwa kikawa kinamuuma. Alipoulizwa, alisema ni uzee.

Mwezi ukaenda ukingoni. Asubuhi moja Mama Barafu alimkuta mzee anakunja mashati yake na kuyapanga kwenye begi.

"Baba, safari ya wapi?"

"Kesho nahamia kwa mdogo wake mumeo. Kule choo ni cha shimo. Hakina hesabu."

"Baba, usifanye hivyo."

"Mwanangu, sina ugomvi na wewe. Lakini umri huu siwezi kuomba ruhusa ya kwenda chooni."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza Mama Barafu. Angegombezwa, angejua la kujibu. Alibaki amesimama mlangoni. Ndipo akasikia hodi.

Aliyebisha hodi alikuwa Dada wa Mita. Ndivyo mtaa ulivyomwita yule mfanyakazi wa idara ya maji, anayepita kila mwezi kusoma mita. Aliingia uani, akateleza, akadaka ukuta.

"Jamani! Mmeanza kulima mpunga?"

Mzee akatoka chumbani na shati moja mkononi. "Binti, afadhali umekuja kabla sijaondoka. Nina swali. Mita ya chooni iko wapi? Nimeitafuta mpaka nyuma ya ukuta, sijaiona."

Dada wa Mita akamtazama usoni, aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Mzee wangu, hiyo mita ingekuwepo, nani angeisoma? Mimi ningeacha kazi leo hii."

Mzee akaangua kicheko. Mama Barafu hakucheka.

"Haipo?" aliuliza.

"Haipo, mama. Kwa nyumba za watu, mji mzima haipo."

"Sasa majitaka yangu mnayapimaje?"

"Kwa hii hapa." Dada wa Mita aliinama, akagonga kidogo kioo cha mita ya maji karibu na lango. "Maji safi yakiingia, yanapita hapa, tunayaona. Yakishachafuka hatuyaoni tena, kwa hiyo tunakadiria. Kwa nyumba ya kuishi, mji wetu unasema hivi: katika ndoo kumi zinazoingia, nane zinatoka kwenye bomba la majitaka. Ndoo mbili tunawaachia. Mnakunywa, mnapikia, mnamwagilia maua. Sasa umwage chooni au umwage uani, hesabu ni ileile."

Mama Barafu akautazama ua wake. "Kwa hiyo tope lote hili..."

"Halijakupunguzia hata senti. Nzi umepewa bure."

Mzee sasa alikuwa amevuta kigoda, amekaa. Mambo yalikuwa yamemkolea. "Na yule mwenye mgahawa pale kona?"

"Yule analipa zaidi kwa kila ndoo. Maji yake yana mafuta na mabaki ya chakula, na kuyasafisha ni kazi kubwa. Dobi naye ana kiwango chake, maana karibu maji yake yote yanarudi kwenye bomba. Nyumba yenye choo cha shimo, kama haijaunganishwa na bomba letu, haina mstari huo kwenye bili. Lakini shimo likijaa, inalipia gari la kunyonya."

"Na sisi je?" aliuliza Mama Barafu.

"Ninyi mmeandikwa nyumba ya kuishi. Mji hauijui barafu yenu. Unaona maji mengi yanaingia, unasema: hawa watu wanaoga kama bata!"

"Lakini maji yangu yanatokea mlangoni, yamefunikwa magunia!"

"Nani aliuambia mji hivyo?"

Hakuna aliyeuambia. Mama Barafu mwenyewe alikuwa anakwepa kusema ana biashara, akiogopa kuongezewa bili.

"Njia ipo," Dada wa Mita aliendelea. "Unaomba mita ya pili. Bomba linagawanywa, moja la nyumba, moja la barafu tu. Maji ya barafu utayalipia kwa bei ya biashara, ambayo imezidi kidogo. Lakini hayatahesabiwa majitaka."

"Nikienda kujitaja, si nitakuwa najichongea?"

"Kunyamaza ndiko kujichongea. Unalipia uchafu ambao hujautoa."

"Na nilizokwisha kulipa zitarudi?"

"Hapana, nisikudanganye. Hesabu mpya inaanza siku mita inapofungwa. Mita na fundi bomba ni gharama yako. Pitia ofisini kwanza wakupe masharti, ndipo umwite fundi."

Dada wa Mita akaondoka. Mama Barafu akachuchumaa mbele ya kigoda.

"Baba, nisamehe. Niliitazama bili mpaka nikaacha kukutazama wewe."

Mzee akamtazama kidogo, kisha akalikunja lile shati upya, polepole.

"Nitakaa mpaka tuione bili mpya," alisema. "Ikipanda, tutajua mkosaji ni barafu. Mimi nitakuwa nimesafishwa jina."

Sheria ya choo ilifutwa saa ileile. Wiki hiyohiyo Mama Barafu alikwenda ofisini, akapanga foleni, akasema ukweli wote. Mkaguzi akaja. Akakuta bomba la kujazia vyombo vya barafu liko juu ya sinki, akatikisa kichwa.

"Sinki lina njia ya kutolea maji, mama. Nitajuaje huoshi vyombo hapa?"

"Naosha," alikiri.

"Basi sinki libaki kwenye mita ya nyumba. Bomba la barafu liende kwenye friza, lisiwe na njia ya maji machafu chini yake."

Fundi bomba akalihamisha. Mumewe akachomelea stendi ya chuma ya kuwekea vyombo wakati wa kuvijaza. Mita ya pili ikafungwa. Uani pakakauka, nzi wakaenda kutafuta wenyeji wengine.

Bili ilipofika, Mama Barafu hakuthubutu kuifungua. Alimpa mzee. Mzee akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Baba, unaniua! Sema!"

"Majitaka yamepungua zaidi ya nusu," alisema mzee. "Maji ya barafu yameongezeka bei kidogo, kama alivyosema yule binti. Ukijumlisha yote, tumeshuka."

Mumewe akapiga makofi. Mama Barafu akakaa chini, machozi yakimlengalenga. "Mungu ambariki Dada wa Mita. Kesho nikimuona, barafu ya juisi ya nyumbani kwake ni juu yangu. Na wewe, baba, asante. Humu ndani wote tuliiogopa mita ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Wewe ndiye uliyeuliza iko wapi. Friza ulinipa wewe, na leo tena umeiokoa. Sijui hata nianzie wapi kukushukuru..."

"Anzia kwa kunipisha njia," mzee alisema, huku anainuka. "Shukrani zako ni tamu, lakini ni ndefu, na mimi nimebanwa."

Wakampisha. Baada ya muda wakasikia maji yakimwagwa chooni, ndoo nzima, bila haraka. Mama Barafu akamtazama mumewe, wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu.