Uvungu wa Gari Jekundu

Gari lililetwa juu ya lori, injini yake baridi kabisa, lakini uvungu wake ulikuwa na joto.

Okeyo aligundua hilo alipopitisha mkono chini ya bampa kutafuta pa kufungia mnyororo. Akautoa upesi, akautazama. Ilikuwa asubuhi ya Agosti pale Lanet, baridi ya kumfanya mtu aongee huku mvuke ukimtoka mdomoni, na dereva wa lori alikuwa amesema gari halijawashwa tangu wiki iliyopita.

"Pengine ni jua," Waithera alisema.

Hakukuwa na jua.

Wawili hao walikuwa na shughuli yao ya kuosha na kung'arisha magari kando ya barabara ya Nairobi. Waithera alishika ndani: viti, mazulia, dashibodi. Okeyo alishika chini. Wenye magari wengi huosha panapoonekana, uvungu wakauachia kutu. Wale wachache wanaojali walimjua Okeyo, kwa sababu angelala chali nusu siku akikwangua kwa kijiti na brashi mpaka kila bomba ling'ae kama sufuria ya bibi harusi.

Hili lilikuwa gari la spoti, jekundu, la milango miwili, limekaa chini hivi kwamba paka angeinama kupita. Mwenyewe, kijana aliyeitwa Weldon, alifika nyuma ya lori kwa bodaboda, akasimama langoni. Hakusogea.

"Juu usiguse," alisema. "Nataka chini tu."

"Si tuoshe yote, boss? Gari kama hii—"

"Chini tu. Na ni wewe mwenyewe utaingia?"

"Ni mimi."

"Umekubali kuitoa?"

Okeyo akacheka. "Matope? Hiyo ndiyo kazi yangu, boss. Nimekubali."

Weldon alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, akapanda bodaboda yake akaenda bila kuuliza gari litakuwa tayari lini.

Walilipandisha juu ya kuta mbili za zege, Okeyo akaingia katikati na kulala chali juu ya kadibodi. Tope lililogandia huko lilikuwa jeupe, gumu kama plasta, na lilinuka mayai yaliyooza. Harufu hiyo aliijua. Kila aliyewahi kufika Olkaria, kule mvuke unakotoka ardhini ukaendesha mitambo ya umeme, anaijua. Akafikiri, huyu kijana alikuwa akichezea gari huko. Akaanza kukwangua.

Tope liliachia vipande vipande. Kipande kimoja kikubwa kilimwangukia kifuani, na upande wake wa ndani, ule uliokuwa umeshika chuma, ulikuwa na michirizi ya vidole. Vidole virefu, vingi kuliko vya mikono miwili. Akakitupa, akajiambia ni alama za brashi ya mtu mwingine.

*Tik,* chuma kikalia juu yake. *Tik.*

Ndivyo chuma hulia kinapopoa. Lakini chuma kinachopoa hulia pale pale kilipo, na mlio huu ulitembea. Ulitoka kwenye ekzosi, ukapita gia, ukafika juu ya uso wa Okeyo, ukasimama.

Waithera aliinama kutoka nje. "Unaongea na nani huko?"

"Siongei."

Waithera akarudi nyuma hatua moja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi toka, Okeyo. Toka sasa hivi."

Hakutoka. Alikuwa amekubali kazi, na hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Akavuta mashine ya presha, akapiga maji. Maji yalirudi yakimmwagikia shingoni, ya moto, na ghafla uvungu wote ukawa baridi kama gari jingine lolote. Akaupangusa, akaupaka mafuta ya kuzuia kutu, ukapendeza. Jioni Weldon alituma dereva kulichukua. Okeyo akaendesha Probox yake mpaka nyumbani Section 58, na njia nzima alihisi joto kwenye nyayo, akaona ni raha baada ya siku ya baridi.

Siku iliyofuata Adero, mkewe, alipindua jikoni yote akitafuta yai bovu. Hakulipata. Mchana, binti yao Natasha, aliyekuwa darasa la pili na likizoni, alitoka kwenye kochi akarukia kiti, akatoka kwenye kiti akapanda meza.

"Natasha, shuka hapo!" Adero alisema.

"Sakafu inachoma, mama."

Okeyo aliporudi aliambiwa kama kichekesho. Akaweka kiganja chini ya kochi. Saruji ilikuwa vuguvugu, kama mahali ambapo ng'ombe ametoka kulala.

Mwisho wa wiki nyayo za Natasha zilikuwa na malengelenge. Wakampeleka kliniki, na muuguzi alimpaka dawa huku akimtazama Adero kwa jicho ambalo Adero hakulisahau. "Mtoto amekanyagishwa nini?" aliuliza. "Nani amemfanyia hivi?" Adero alilia njia yote ya kurudi. Wazee wa kanisa walikuja wakaimba na kuomba. Wakati wa wimbo nyumba ilitulia, na walipofika kwenye amina, chini ya kiti cha mwenyekiti wao kikasikika: *tik.*

Kisha mtoto akaacha kula. Akawa analala mchana kutwa, ngozi yake kavu, midomo imepasuka, na Okeyo alipoketi kando ya kitanda saa tisa alasiri, pazia wazi, watoto wa jirani wakicheza mpira nje, alisikia ule mlio ukianza kwenye mguu wa kitanda, ukatambaa taratibu chini ya godoro, chini ya magoti ya mwanawe, chini ya mgongo, mpaka ukafika chini ya mto, na hapo, badala ya kunyamaza, ukawa mlio wa haraka haraka kama wa meno ya mtu anayesikia baridi, na shuka likaanza kutoa mvuke.

Alimnyakua Natasha akakimbia naye nje.

Adero alikuwa mlangoni. Alinong'ona, "Okeyo. Ulileta nini kwangu?"

Akampigia Weldon. Simu ililia sana kabla ya kushikwa.

"Mke wangu alikuwa anakaa upande wa abiria," Weldon alisema, hata kabla ya kuulizwa. "Alianza kwa kusema miguu inachoma. Tulimzika Mei."

"Na ukaniletea mimi? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali?"

Simu ikakatika, na haikushikwa tena.

Ni Waithera aliyemleta Chepchirchir, mwanamke wa makamo aliyeuza mitumba Lanet, ambaye watu humwendea kwa mambo yasiyosemwa kanisani. Aliingia, akavua viatu, akasimama peku katikati ya sebule akitikisa vidole vya miguu.

"Huyu hatafuti watu," alisema. "Anatafuta paa. Kule ardhi inakopumua alikuwa na shimo lake. Huyo kijana wenu akaegesha gari juu ya shimo, akaliacha likalala hapo, asubuhi akaondoka na mwenye shimo. Jini akazoea kuishi uvunguni. Wewe, baba Natasha, ukampiga maji ukamtoa."

"Mtoto wangu amemkosea nini?"

"Hajamkosea. Jini ni moto. Kinachokaa juu yake huiva. Pengine hata hajui kwamba anaua."

Adero alishika ukuta. "Anatoka vipi, mama?"

"Kesho saa sita, jua likiwa utosini, tutamnyima kila paa isipokuwa gari lenu. Akiingia chini ya gari, baba atamrudisha kwao." Akamgeukia Okeyo, akaongea polepole. "Lakini gari lako ni fupi. Yeye anapenda paa la juu. Ukisimama kando ya lori au basi, atahama. Na huyo utakayempelekea, damu yake ni yako. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Kesho yake waliitoa nyumba yote uani. Vitanda, meza, makochi, cherehani ya Adero, vyote vikapinduliwa miguu juu. Kibanda cha kuku kikajazwa magunia chini. Majirani walichungulia madirishani. Chepchirchir akawaamuru waliokuwa uani waketi matako chini na miguu wameinyoosha, asiinue mtu goti, usibaki uwazi kati ya mwili na udongo. Natasha alilazwa juu ya blanketi lililoloweshwa, mama yake akimkumbatia.

Walisikia akitoka. *Tik* kwenye kizingiti, *tik* kwenye saruji ya mlango, kisha kwenye udongo hakukuwa na mlio tena, ila majani yaliyokuwa yakikauka kwa mstari, mstari uliopita kochi lililopinduliwa, ukapita meza, ukaja mpaka kwenye miguu ya Waithera na kusimama hapo huku Waithera akibana mapaja na kunong'ona jina la Yesu, ukaachana naye, ukazunguka, ukazunguka tena, hadi mbwa wa jirani, ambaye hakuna aliyemkumbuka, akapita uani kwa miguu yake minne.

Mbwa alipiga yowe moja. Akaanguka kwa tumbo, na hakuinuka.

Mstari ukaelekea kwenye Probox. Chini ya gari ukasikika ule mlio wa chuma, mara nyingi, kama mtu anayepapasa nyumba mpya.

"Nenda," Chepchirchir alisema. "Usisimame."

Okeyo aliendesha kuelekea Olkaria akiwa amevaa gumbuti, na bado nyayo ziliungua. Vioo vilijaa mvuke. Alipita Lanet bila kutazama pembeni. Akapita Mbaruk. Kila lori lililokuja nyuma alilikimbia, kila lililokuwa mbele alilipita, akiomba kwa Kijaluo, lugha aliyoombewa nayo na bibi yake.

Kabla tu ya Gilgil, barabara ilikuwa ikipanuliwa, na magari yalikuwa yamesimama mpaka upeo wa macho.

Alijaribu kupita pembeni. Kulikuwa na mtaro. Alijaribu kurudi nyuma. Lori la mchanga lilikuwa limeshafika. Upande wake wa kulia, polepole, likaja basi kuukuu lililobeba wafanyakazi wa shamba la maua, wanawake waliovaa makoti ya kijani, likasimama sambamba naye. Uvungu wake ulikuwa juu. Okeyo, ndani ya Probox yake, angeweza kuona mpaka upande wa pili.

"Sogea!" alimpigia dereva kelele, akigonga honi. "Boss, sogea mbele, tafadhali, sogea!"

Dereva akaonyesha foleni kwa mkono wake wote. Asogee wapi?

Mwanamke mmoja dirishani alikuwa amesinzia, kichwa kwenye kioo. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi na pini ya nywele ya bluu. Okeyo alisikia *tik* chini ya kiti chake. Kisha chini ya mlango. Kisha hakusikia kitu, na nyayo zake zikapoa, zikawa baridi kabisa ndani ya gumbuti, na kioo cha mbele kikaanza kutakata chenyewe kuanzia pembeni, na pale juu yule mwanamke akafumbua macho, akatazama sakafu ya basi kwa mshangao, akafungua dirisha apate hewa. Aliinua mguu mmoja akauweka kitini. Akainua wa pili. Alipomwona Okeyo akimkodolea macho, alitabasamu kwa aibu na kumpungia mkono.

Foleni ikaachia. Basi likang'oka mbele. Okeyo alilifuata akipiga honi, na dereva, akidhani ni mlevi, akaongeza mwendo, kisha akakata kona kuingia njia ya vumbi ya mashambani.

Okeyo alisimama kwenye kona hiyo. Vumbi la basi lilikuwa bado hewani, angeweza kulifikia. Simu ikalia.

"Baba Natasha," Adero alisema, akilia na kucheka. "Amekula. Amesimama mwenyewe, amekula. Usikawie, rudi tu."

Alikaa akiwa ameshika usukani mpaka vumbi likatulia. Halafu akageuza gari.

Uani kulikuwa na watu wengi alipofika, wazee wa kanisa pia, na viti vilikuwa vimegeuzwa vikakaliwa. Adero alimshika mikono yote miwili.

"Umemfikisha kwao?"

"Nimemfikisha."

Mwenyekiti wa kanisa akasema watu wainamishe vichwa washukuru. Wote wakafumba macho. Okeyo peke yake aliyaacha wazi.