Kifuniko cha Mtungi

Upepo wa Singida hauna adabu, na mwezi wa nane ndipo unapotoka kabisa katika malezi. Mwaka 2001, siku ya soko, uliingia kwenye kibanda cha kopi kilichokuwa karibu na stendi, ukazoa karatasi za watu mezani na kutoka nazo kama za kwake.

"Jamani, nishikieni! Vyeti vya watu!"

Anastazia, mpigaji kopi, alitoka mbio, mkono mmoja umeshika kitenge kiunoni, mwingine unapapasa hewani. Aliruka matenga ya kuku, akamkanyaga muuza vitunguu, akaomba radhi huku anakimbia. Alizipata karatasi zote isipokuwa moja. Hiyo ilivuka barabara, ikatua kifudifudi juu ya ubao ambao seremala mmoja alikuwa ameupaka gundi nyeupe sasa hivi ili aubandike na mwenzake.

"Dada, karatasi yako imepata mchumba," alisema seremala. "Tazama ilivyomng'ang'ania."

"Kaka, acha utani. Hicho ni cheti cha darasa la saba cha mzee wa watu."

"Chenyewe?"

"Kopi. Chenyewe kiko ndani."

"Basi nini kinakuliza? Kapige nyingine, hii niachie. Mahari nitaleta."

Anastazia alitaka kukasirika, akashindwa. Yule mtu alikuwa mrefu, shati la mtumba limemfupia mikononi, vumbi la mbao limemjaa kwenye kope. Alicheka kwa macho tu, na mdomo ukabaki na penseli yake.

Kesho yake mchana alikuja kibandani na ubao kwapani. Alikuwa ameulowesha kwa maji na kuisugua ile karatasi kwa kidole ili autumie ubao wake. Karatasi ilitoka vipande vipande. Wino haukutoka. Picha ya yule mzee ilikuwa imebaki kwenye mbao, hadi mikunjo ya paji la uso, isipokuwa maandishi yake yalisomeka kinyumenyume.

"Umefanyaje?" Anastazia aliuliza.

"Mimi? Umefanya wewe na upepo wako. Naitwa Antipasi."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, na mengine yakafuata humo humo. Antipasi alikuwa fundi wa kiwanda kimoja cha umma. Kilipouzwa kwa mtu binafsi, waliambiwa asubuhi warudishe patasi na nyundo. Sasa alijitegemea kando ya barabara. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda Mandewa, nyumbani kwa mama yake Anastazia, na vipande vya mninga alivyovipiga randa vikang'aa. Anastazia alileta kopi. Aligundua mwenyewe dawa ya ule ukinyume: unapiga kopi ya kwanza kwenye karatasi ya plastiki inayoonyesha upande wa pili, unaigeuza, kisha unapiga kopi juu ya hiyo. Hapo uso ukishuka kwenye ubao, unakaa sawa.

Kusugua kulikuwa kwa Anastazia peke yake. Ukisugua kidogo, picha inabaki na ukungu wa karatasi. Ukizidisha, unaondoka na pua ya mtu. Vidole vyake vilijua pa kukomea. Watu wakaanza kuagiza: harusi, kipaimara, marehemu. Marehemu walikuwa wengi zaidi, maana miaka hiyo hapakuwa na wiki isiyo na msiba.

"Haloo, kopi hapa," Anastazia alikuwa akiitikia simu ya kibandani.

"Naomba kuongea na yule mwenye vidole."

"Wenye vidole ni wengi hapa mjini."

"Vile ambavyo nikiviona vikisugua mbao, naionea wivu mbao."

"Antipasi! Bosi yuko hapa."

"Basi mwambie nimeagiza kopi mia moja za uso wako."

Alikata simu akicheka, na bosi akajifanya anahesabu karatasi.

Antipasi hakuwa ameficha kitu. Mkewe, Witness, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, akamwachia binti, Luciana, ambaye sasa alikuwa na miaka sita. Mwezi wa kumi na mbili Antipasi alikuja Mandewa na bahasha. Akaishika kwa muda kabla ya kuitoa mkononi.

"Ndiyo hii tu," alisema. "Nyingine zililiwa na mchwa kule tulikokuwa tunakaa, Misigiri. Mpiga picha naye alishahama, hata sijui yuko wapi. Januari Luciana anakwenda kuanza shule kwa bibi yake, Kilimatinde. Sura ya mama yake haikumbuki, Ana. Ananiuliza alikuwaje, namwambia alikuwa na baka kama lako. Basi. Mtu mzima nakosa maneno."

Witness alikuwa anatazama kamera kwa ujasiri, na baka jeusi kwenye shavu la kushoto. Luciana alizaliwa nalo vile vile, shavu lile lile. Anastazia aliahidi.

Ubao wa kwanza aliuharibu kwa papara, alisahau kugeuza. Baka likahamia kulia. Antipasi aliutazama, uso ukamshuka.

"Siye. Huyu ni kama ndugu yake."

"Nitarudia."

"Rudia, mama. Huyu siwezi kumpa mtoto."

Mama yake Anastazia aliuokota. "Mninga hautupwi," alisema, akaufunikia mtungi wa maji, sura chini. Ukakaa hapo.

Kisha wino wa mashine ukaisha. Bosi akaenda Dodoma kuutafuta, na siku zikapita. Alhamisi Antipasi akapiga simu, safari hii hana utani.

"Jumapili wanakuja kumchukua, Ana. Itakuwa tayari?"

"Wino haujafika."

"Jitahidi. Sikuombi kingine."

Siku ile ile, saa nane mchana, Anastazia alipita mitumbani akamwona Antipasi. Alikuwa amesimama na msichana mweupe wa sura, nywele zimesukwa vizuri, anamjaribishia kitenge cha kijani begani. Luciana alikuwa katikati, kawashika wote wawili mikono. Watu watatu, nyumba imekamilika.

"Yule ni Veneranda, mdogo wake marehemu," alisema muuza vitunguu bila kuulizwa. "Katangulia kumfuata mtoto. Ukoo wao dada akifa, mdogo anashika nyumba. Hukujua?"

Hakujua. Alifika nyumbani hana salamu. Alikaa uani, akaitoa ile picha kwenye bahasha, na Witness akamtazama kwa ujasiri wake ule ule. Wivu kwa aliye hai una pa kwenda, unaweza hata kwenda kugombana. Wivu kwa maiti hauna. Anastazia alijua kwamba karatasi ya picha siyo karatasi ya kopi, ikilowa na kusuguliwa sura inafutika. Alijua kuliko mtu yeyote pale Singida. Alipaka gundi kwenye ubao, akamgeuza Witness kifudifudi, akambandika. Jua lilikuwa kali, likamkausha upesi. Akamwagia maji, akasugua.

Rangi ilianza kutoka kwenye shavu. Vidole vilivyojua pa kukomea havikukoma. Alipoinua mkono, ukucha ulikuwa umejaa utelezi wa kahawia, na kwenye ubao hapakuwa na mtu. Hapo ndipo alipolia, akiwa amechelewa.

Antipasi alikuja Jumamosi asubuhi, amenyoa ndevu, amefurahi.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mtu, kisha akageuka. "Haya, mwenye vidole. Nionyeshe."

Anastazia alimpa ubao mtupu. Alikuwa ameandaa uongo tangu juzi, akautoa jinsi ulivyo.

"Wino haukuja. Nikaona nijaribu na yenyewe. Sikujua itaharibika."

Antipasi aliugeuza ubao, akaugeuza tena, kana kwamba Witness angekuwa upande wa pili.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," alisema polepole. "'Usilete chenyewe kwenye gundi.' Maneno yako hayo."

"Nilikuona mitumbani na Veneranda."

"Ehe?"

"Watu wanasema..."

"Watu! Alhamisi nilimwambia shemeji sitamwoa. Nilimwambia nina mtu, yuko Mandewa. Akalia pale pale stendi, nikaenda kumnunulia kitenge cha kumfuta machozi." Sauti yake haikupanda, na ingekuwa afadhali ingepanda. "Nilikuwa nakuja leo kumwambia mama yako."

Alitoka bila kuaga. Ubao mtupu aliuacha juu ya kinu.

Jumapili basi la Manyoni, njia ya Kilimatinde, lilikuwa linaunguruma, wapigadebe wanagombania abiria, kuku wanalia juu ya keria. Anastazia alifika anahema, kitu kimefungwa kwenye kanga. Veneranda alikuwa amevaa kile kitenge cha kijani. Alimtazama kuanzia viatu hadi kilemba, akageuza uso dirishani. Antipasi alisimama chini ya mlango, na kando yake sanduku lake la vifaa, limefungwa kamba. Anastazia akaliona, akaelewa.

"Nawe unaenda?"

"Mtoto hawezi kukosa wote wawili. Kule kuna misheni, madawati hayaishi kuvunjika."

"Antipasi, nilikudanganya." Alisema haraka, kabla ujasiri haujamtoroka. "Nilijua itaharibika. Nilijua tangu nashika gundi. Nilitaka asiwepo."

Konda akapiga bati mara mbili.

"Nilijua kwamba ulijua," alisema Antipasi. "Nilitaka kusikia kama utasema."

Anastazia akafungua kanga. Ulikuwa ule ubao wa kwanza, uliokosewa. Unyevu wa mtungi ulikuwa umekula kidevu kidogo, lakini macho yalikuwepo, na ule ujasiri. Jana yote alikuwa amemsumbua bosi, aliyerudi na wino, wajaribu kuupiga kopi wenyewe. Mashine ilitoa mistari ya mbao na giza tu.

"Ni yule uliyemkataa," alisema. "Sina mwingine."

Antipasi hakuupokea. Luciana ndiye aliyenyoosha mikono kutoka mlangoni, akaupakata. Aliutazama sana. Akagusa baka la kwenye mbao, kisha akagusa la kwake.

"Baba, huyu ni mama?"

"Ndiye. Ila baka lake limekaa upande siyo."

"Limekaa sawa," mtoto alibisha. "Hivi hivi ndivyo nilivyo kwenye kioo."

Seremala aligeukia gurudumu la basi, mabega yakamtikisika. Alipogeuka tena macho yalikuwa mekundu. Alimshika Anastazia mkono wa kulia, akakifungua kiganja, akavitazama vile vidole kimoja kimoja.

"Nimekusamehe, Ana. Namwambia Mungu hivyo na wewe nakwambia."

"Basi baki. Au niambie nikufuate."

"Nakupenda, sitasema uongo stendi." Akaufunga mkono wake taratibu, akamrudishia. "Lakini kila nikiviona hivi, nitaviona vinasugua. Sitaweza kula chakula ulichokipika. Bora tuachane wakati bado nakupenda."

Akapanda. Basi likatoka na vumbi lake, na upepo ukalichukua vumbi ukalipeleka ulikotaka. Dirishani Luciana alikuwa ameuinua ubao mbele ya uso wake, anajitazama.

Anastazia alirudi Mandewa kwa miguu. Mama yake alikuwa uani na kata mkononi, ameinamia mtungi uliojaa majani yaliyopeperushwa.

"Wewe, Ana. Kifuniko changu kimekwenda wapi?"

"Kimempata mwenyewe, mama."

Anastazia aliyachota yale majani kwa mkono, akauchukua ule ubao mtupu uliobaki juu ya kinu, akaufunikia mtungi.