Majivu ya Miwa na Ukuta wa Jikoni

Ukuta wa jikoni ulianguka, na kwa wiki ya tatu Nyasuguta alipika nje chini ya karatasi ya nailoni, nyuma ya nyumba yao huko Rongo. Masika yalikuwa karibu. Akaenda kugusa matofali mapya ya simiti, yaliyofyatuliwa siku nne nyuma. Kidole kikazama. Alichoka kabisa.

"Si nilikuambia, Mama Arasa," mumewe Kerosi akasema. "Hii majivu ya kiwanda cha sukari ni taka tu."

Nyasuguta akapangusa kidole kwenye leso yake. Kuchanganya majivu ya makapi ya miwa na simiti lilikuwa wazo lake, na Kerosi alikuwa amemcheka mbele ya mtaa mzima.

Akamwita jirani yao Beverly, anayepima matofali katika chuo cha ufundi. Beverly akasugua majivu kiganjani.

"Haya yamechomwa vizuri. Ni ya kijivu, hayana vipande vyeusi. Ulichekecha?"

"Nilichekecha, nikifunga leso puani. Makopo tisa ya simiti, moja ya majivu. Vile ulinifundisha."

"Na maji mlitoa wapi?"

Kerosi akaonyesha pipa kando ya ua.

"Lilikuwa la nini?"

"Molasi ya ng'ombe. Lakini iliisha."

"Uliliosha?"

Kerosi akaangalia viatu vyake.

"Molasi ni sukari, na sukari huzuia simiti kushika, hata ikiwa kidogo," Beverly akasema. "Majivu hayana kosa."

Hasira ilimpanda Nyasuguta hadi masikioni. Wiki tatu za moshi, na kumbe matofali yaliharibiwa na pipa tu.

"Baba Arasa, umenisema kila mahali kwa uvivu wako wa kuosha pipa?"

Kerosi aliuza beberu wake, akanunua simiti, akachota maji ya kisima kwa ndoo safi. Kwanza walifyatua tofali moja la kujaribu. Likashika. Kisha wakafyatua mengine, wakayafunika na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Beverly akapima machache chuoni, akasema yanafaa.

Mvua ilipoanza, ukuta ulikuwa umesimama na mabati yako juu. Nyasuguta akasonga ugali pakavu, bila kukohoa.

Nyumbani kwao baba ndiye hupakuliwa kwanza. Siku hiyo Nyasuguta alianza na Beverly, akafuata watoto, kisha akajipakulia yeye mwenyewe. Kerosi alingoja na sahani yake mkononi.