Mende wa Soda ya Machungwa

Siku Kasuku alipomwangukia Jicho, alikuwa amevaa viatu virefu vya kwendea harusini, na sakafu ya kiwanda cha soda ilikuwa imelowa chapachapa. Zamu zilikuwa zinapishana, watu wanasukumana, chupa zinagongana kwenye mkanda, harufu ya sukari imetanda, na yeye katikati na gauni jekundu lililombana mpaka akawa anapumua kwa awamu. Mguu ukaenda huku, kiatu kule. Mkono mmoja ukamdaka kiunoni.

Mwenye mkono hata hakugeuka. Alikuwa ameketi mbele ya taa nyeupe, akizikagua chupa zikipita, yenye ufa au uchafu aitoe; ndiyo maana wakamwita Jicho.

"Niachie basi," akasema Kasuku.

"Ngoja zipite hizi. Wewe huna ufa?"

"Hata kuniangalia hujaniangalia!"

"Nitakuangalia saa ya chai. Nikigeuka sasa, watu watakunywa vigae kwa ajili yako."

Na mwanamke akishaambiwa aingoje saa ya chai, hiyo chai huiona haifiki.

Kasuku ndiye aliyekuwa akisoma matangazo ya kiwanda kila asubuhi kwenye kipaza sauti. Jina alipewa kwa sababu alisoma chochote alichopewa. Hata choo kikiziba, alitangaza kama anakubembeleza ulale. Haukupita muda, simu zao zikawa haziishi.

"Umekula, Kasuku wangu?"

"Nimekula. Na wewe, mboni yangu?"

"Nimekula, ila hata sahani nimeiinua kwanza nikaimulika."

"Shika adabu, mama yako atadhani una wazimu."

"Anajua. Nimemwambia sababu ya wazimu ni nani."

Jumapili moja, kichwa kikiwa mapajani mwa Kasuku, Jicho akaacha utani. Akamweleza habari ya mende.

Habari hiyo mji mzima uliijua, lakini nusu. Kampuni ilianzia kwenye sufuria moja uani kwa mzee mwanzilishi, mkewe akiosha chupa, yeye akizitembeza kwa baiskeli. Ikakua, ikanunua mashine. Halafu ukaja mwaka wa mende: bibi harusi mmoja, mwana wa wakubwa, alifungua soda ya machungwa mbele ya wageni na mende akaelea juu kama mwalikwa. Watu waliisusa soda hiyo mpaka kiwanda kikakaribia kufungwa. Aliyekuwa kwenye taa siku ile hakutajwa kamwe.

"Alikuwa baba yangu," Jicho alisema. "Alisinzia. Mimi nilikuwa mchanga, naumwa kifua, alikuwa amekesha na mimi begani. Wakamfukuza. Mpaka anakufa hakuonja tena soda. Ukiniona sipepesi mbele ya ile taa, ujue nalipa."

Kasuku akamfuta machozi kwa upindo wa kanga yake. Hakusema neno. Laiti angeendelea hivyo hivyo!

Maana sherehe ya kampuni ilipokaribia, Bosi, mtoto wa mwanzilishi, alimpa historia aisome jukwaani. Ilikuwa kavu, wageni wangesinzia wenyewe. "Itie chumvi kidogo," akasema Bosi. "Wachekeshe."

Akawachekesha. Alipofika kwenye mende, watu tayari walikuwa wamecheka mara mbili, na kicheko cha watu wengi ni kama tembo, ukionja unataka tena. Ulimi ukateleza kuliko vile viatu. "Na yule bwana wa taa alikuwa anakoroma! Mende kapita anampungia mkono! Wala msihofu, leo kwenye taa anakaa mwanawe, na huyu halali!" Ukumbi ukapasuka. Hapo ndipo Kasuku alipomwona, safu ya mbele, mama mmoja wa gauni la kijani lililopigwa pasi vizuri, akiiweka chini soda yake bila kuinywa. Pembeni yake Jicho. Alikuwa anamtazama Kasuku vile anavyotazama chupa yenye ufa.

Toka siku hiyo wafanyakazi wakamwita Jicho "Mtoto wa Mende". Kila jina hilo lilipotajwa, Kasuku alihisi limetoka kinywani mwake upya. Akipiga simu, haipokelewi. Akipita kwenye taa, mgongo tu.

Siku ya nne simu ikapokelewa, lakini sauti ilikuwa ya mama yake Jicho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kipaza sauti?"

"Ndiye mimi. Mama, nisamehe. Sijui hata nianzie wapi."

"Kuanza ulianza vizuri, mwanangu. Watu walicheka, hata mimi nilitaka kucheka, maana mume wangu kweli alikuwa akikoroma. Nikakaa nangoja umalizie. Hukumalizia."

Simu ikakatika. Kasuku akabaki ameishika, aibu imemjaa mpaka masikioni.

Asubuhi akaingia kwenye chumba cha matangazo, akajifungia kwa ufunguo. Akasoma zamu, akasoma mafuta ya malori, halafu akaiweka karatasi pembeni.

"Jamani, kwenye sherehe niliwapa nusu. Bwana wa taa alisinzia kwa sababu alikesha na mtoto mgonjwa begani, na asubuhi akaja kazini hivyo hivyo. Kampuni haikumuuliza, ikamfukuza. Haya niliambiwa na mtu aliyeniamini, nami nikayauza kwa kicheko. Mende ni mimi. Mkitaka wa kumwita, niiteni mimi."

Bosi alikuwa tayari anaugonga mlango. "Fungua! Umefukuzwa! Nani kakutuma?"

Ndipo kelele za chupa zikakoma. Mkanda ulikuwa umesimama, na mwenye uwezo wa kuusimamisha ni mtu wa taa peke yake. Kiwanda kizima kikawa kimya, hata Bosi akaacha kugonga. Viatu vya mpira vikapanda ngazi.

"Nipishe, mzee," sauti ya Jicho ikasema. "Kasuku, fungua."

Akafungua, macho mekundu, kilemba kimekaa upande. Jicho akaingia, akausukuma mlango, Bosi akabaki nje na hasira zake.

"Mama kakusikia," Jicho akasema. "Nilimshikia simu karibu na spika. Nilikuwa na hasira na wewe, Kasuku, bado ninayo. Lakini kuna jambo nataka kukuuliza…"

Kasuku akainua kidole. Taa nyekundu ya kipaza sauti ilikuwa bado inawaka. Huko chini watu mia wameshikilia pumzi, chupa mkononi. Akanyoosha mkono, akakizima.

Kiwanda kikazomea kwa uchungu! Wapakiaji wakapiga makreti, waosha chupa wakapiga miluzi, Bosi mwenyewe akabandika sikio mlangoni, asiambulie kitu.

Bosi alipopoa hakumfukuza, lakini Kasuku hakurudishwa tena kwenye matangazo. Alipelekwa kuosha chupa, hatua chache kutoka kwenye taa, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Lakini Jicho aliuliza nini na yeye alijibu nini, hata mimi, na umbea wangu wote huu, sikuambiwa.