Jeneza la Alois

"Kahawa imemwagika," sauti ya Dar es Salaam ilisema kwenye simu.

"Nani kaimwaga?"

"Mgeni. Isitoke Tabora."

Zamda, mpelelezi wa siri mjini Tabora, akakata simu, akarukia pikipiki yake, BSA.

Ilikuwa 1961. Bendera ya Mwingereza bado ilipepea, lakini Oktoba chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilikuwa kinafunguliwa. Bernardo, mtafiti, alikuwa ametembea njia yote ya misafara ya pembe za ndovu na kinasa sauti chake cha Grundig, akinasa simulizi za wapagazi wazee. Kanda hizo, ndiyo "kahawa" ya kwenye simu, zilikuwa zawadi kwa chuo. Asubuhi hiyo alikutwa mtaa wa Mtendeni amekufa, kichwa kimepasuliwa, kanda hakuna. Na wazee wengi walikwishafariki.

Zikipotea, zimepotea.

Zamda alipita mtaa wa Ng'ambo kama kichaa, akina mama wakimtukana. Walikuwa na haki.

Stesheni, askari walikuwa wamefungua kila sanduku. Patupu. Treni ya Kigoma ilikuwa inapiga honi, na ukishafika Kigoma ni kuvuka ziwa tu, umeingia Kongo.

Jeneza moja tu halikuguswa. Askari gani atafungua jeneza?

Vijana wanne wa suti nyeusi walilibeba. Nyuma yao alitembea Profesa Hallam, mgeni aliyejiita mwajiri wa marehemu.

"Poleni. Marehemu nani?" Zamda aliuliza.

"Alois. Mnyamwezi wa Kaliua. Tunamrudisha kwao," kiongozi wao alijibu.

Mnyamwezi! Na Zamda ni Mzaramo, mtani wake tangu enzi za misafara. Walipolitua jeneza, akavua viatu na kulikalia, kama mtani aruhusiwavyo msibani.

"Alois, mlafi wee! Umemaliza ugali wa Tabora nzima, sasa unakimbia kuosha vyombo? Haendi mtu hapa!"

Abiria wakaangua kicheko. Wafiwa wa kweli nao wangecheka, wakambembeleza, wakamtoa kwa kuku au kipande cha kitambaa.

Hawa hawakucheka.

"Mwondoeni mwendawazimu huyu!" kiongozi alifoka, akamsukuma.

Kicheko kikakatika. Hilari, mpakiaji mizigo, akatua gunia lake. "Ebo! Unamsukuma mtani msibani? Nyinyi wafiwa wa wapi?"

Mkono wa kiongozi ukazama kotini.

Ukachelewa.

Teke la Zamda likairusha bastola relini. Bastola yake mwenyewe, Beretta, ikachomoka chini ya khanga, na abiria wakawazingira wale vijana.

"Fungua."

Ndani hapakuwa na maiti. Palikuwa na blanketi, Grundig na kanda zote za Bernardo.

Hallam hakutetereka. "Mtaziweka wapi? Chuo chenu hakina hata jengo."

"Jengo tumeazima," Zamda alisema. "Historia hatuazimi."

Akaichomeka Grundig ofisini kwa mkuu wa stesheni, dirisha wazi. Sauti kavu ya mzee ikatoka: "Naitwa Raymundi. Nilibeba pembe za watu mpaka pwani, bega likaota sugu. Pembe hata moja haikuwa yangu."

Hilari akavua kofia. "Wa mtaa wa Isevya huyo. Tulimzika mwaka jana."

Hallam alipitishwa katikati ya abiria akiwa na pingu, kanda ikiendelea kuzunguka.

Simu ya ofisini ikalia.

"Kahawa?" sauti ile ya Dar es Salaam iliuliza.

"Inateremka pwani kwa treni ya leo."

"Na wapagazi?"

"Safari hii wamebeba mzigo wao wenyewe."

Zamda akaweka simu, akavaa viatu vyake, akaondoka.