Uso wa Dada Vaidehi Kwenye Bango

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi Kumud huwapelekea majirani nguo ambazo Baba amezipiga pasi. Asubuhi ile nilipofika njia panda, nilisimama ghafla. Uso wa dada yangu Vaidehi ulikuwa kwenye bango, mkubwa kuliko mlango wetu. Chini yake yaliandikwa maneno haya: "Amefaulu mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Ni mwanafunzi wa Bwana Dubey!"

Mwongo mkubwa yule! Dada alijisomea maktaba miaka miwili. Alipokwenda kuomba nafasi kwenye masomo ya ziada ya Dubey, bwana yule alimcheka mbele za watu. "Binti wa mpiga pasi awe wakili? Nenda kamsaidie baba yako kukunja mashati!"

Nilirudi nyumbani mbio. Dada aliposikia, alifoka. "Picha pekee niliyonayo nilipiga kwa ajili ya fomu ya mtihani. Nani kampa?"

Juzi Dubey alinipa mkoba mpya wa shule, akaniomba picha moja tu ya Dada, eti ya kumpongeza.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe! Yaani umeniuza kwa mkoba?"

Baba akaweka kando pasi yake ya makaa. "Vaa viatu, Kumud. Umelianzisha, utalimaliza mwenyewe."

Kwa Dubey, wazazi walikuwa kwenye foleni wakiandikisha watoto. Niliutupa mkoba mezani. "Chukua! Dada yangu hajakanyaga darasa lako hata siku moja!"

"Toka hapa, mtoto huna adabu!"

"Ngoja kwanza," akadakia mama mmoja kwenye foleni. "Bwana Dubey, tuonyeshe jina la binti huyo kwenye daftari la mahudhurio."

Dubey akalifungua daftari, akalifunga. Wazazi wakaanza kuondoka. Kufika adhuhuri, bango lilikuwa chini.

Jioni Baba aliniita. "Karatasi aliyopewa Vaidehi ndiyo aliyopewa hata mtoto wa jaji. Mtihani ule haukumuuliza baba yake ni nani. Kwa watu kama sisi, mlango ni huo tu, na dada yako kaufungua mwenyewe. Dubey alitaka watu waamini kwamba ufunguo anao yeye. Usimsaidie mwongo tena, hata akikupa nini."

Dada alikuwa amenuna bado. Lakini mkononi alishika sindano, akiushona mkanda wa mkoba wangu wa zamani.